Alama 68 na kiwango cha kufuzu cha 75: swali la mwanakandarasi wa Mombasa

Swali: Mimi na mume wangu tuna kampuni ya ujenzi hapa Mombasa, tumesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi daraja la 6 (NCA 6), kila mmoja ana nusu ya hisa. Kaunti moja ya Pwani imetangaza mara mbili zabuni ya mkataba wa mfumo, yaani orodha ya wanakandarasi wa kuitwa kila kazi inapotokea, wa kukarabati zahanati na madarasa ya chekechea. Mara ya kwanza tulitolewa kwa sababu kurasa hazikuwa na namba zote. Mara ya pili tulipata alama 68 na kiwango cha kufuzu kilikuwa 75. Bei yetu haikutazamwa, na siku ya kufungua zabuni nilisikia kwa masikio yangu kwamba ilikuwa chini ya nyingi zilizosomwa. Sasa kuna kijana anasema atatuandikia zabuni ya tatu kwa shilingi 150,000, na ana sampuli nzuri sana za Kiingereza. Tumpe? Tukate rufaa? Au hizi zabuni ni kujuana tu tuachane nazo?

Jibu:

Dada yangu, naanza na jedwali la alama uliloniambatishia, maana nusu ya majibu yamo humo. Uzoefu wa kazi zinazofanana: 15 kati ya 30. Wafanyakazi: 18 kati ya 20. Vifaa na mitambo: 12 kati ya 15. Uwezo wa kifedha: 15 kati ya 20. Mbinu ya kutekeleza kazi: 8 kati ya 15. Jumla 68.

Haya, tumtazame huyo kijana wa 150,000. Katika sehemu hizo tano anaweza kugusa moja tu, ile ya mwisho. Hata akiandika kama malaika, kamati ikamkabidhi 15 zote, mmefika 75 kamili bila alama hata moja ya akiba. Nimeketi kwenye kamati za tathmini miaka kadhaa kabla sijahamia upande wenu, na sikumbuki mzabuni aliyepewa 15 kati ya 15 kwenye mbinu. Mlizamishwa na zile 15 za uzoefu. Hizo hazipatikani kwa kalamu. Zinakusanywa, karatasi moja baada ya nyingine, na kazi hiyo huanza muda mrefu kabla zabuni haijatangazwa.

Nimetazama mlichoweka. Masharti yalitaka kazi tatu zinazofanana, zilizokamilika ndani ya miaka mitano, kila moja ikiwa na barua ya kupewa kazi, mkataba na cheti cha kukamilisha. Nyinyi mliweka kazi moja iliyokamilika kimaandishi, ya pili yenye mkataba bila cheti, na ya tatu picha tupu: picha nzuri, paa jekundu, mwalimu mkuu anatabasamu. Kamati ilifanya nini? Iliipa ya kwanza alama zote 10, ya pili 5, ya tatu sufuri. Pengine mmoja wao amewahi kupita mbele ya hiyo shule na anajua mliijenga nyinyi. Haimsaidii. Mtathmini hatoi alama kwa anachokijua, anatoa kwa anachokiona kwenye karatasi, na kifungu cha 80 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamfunga atumie vigezo vilivyo kwenye nyaraka za zabuni na si vingine. Akiwahurumia nyinyi, mzabuni aliyeshindwa atamfikisha mbele ya bodi ya mapitio, inayosikiliza malalamiko ya zabuni, na atajieleza huko.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni ya miguu. Rudini kwa kila mteja mliyemfanyia kazi ndani ya miaka mitano mkaombe cheti cha kukamilisha. Shule, kanisa, msikiti, kampuni binafsi, wote. Kwenye barua yako umetaja juu juu kwamba mliezeka upya mabweni manne mkiwa chini ya mwanakandarasi mkubwa. Kwa nini hayakuwekwa? Kazi ya chini ya mwanakandarasi mwingine mara nyingi hukubaliwa mradi iwe na barua yake na mkataba wenu naye. Kama nyaraka za zabuni ziko kimya kuhusu hilo, ulizeni kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali. Jibu hutumwa kwa wazabuni wote na huingia kwenye masharti. Wanakandarasi wengi huogopa kuuliza wakidhani watajianika kwamba hawana sifa. Nilipokuwa upande ule nilimwona anayeuliza kuwa ndiye pekee aliyesoma.

Na hapa kuna jambo la mikataba ya mfumo hasa, ambalo naona hamkulizingatia. Hii si zabuni ya kujenga jengo moja. Kaunti haijui ni zahanati ngapi zitavuja mwaka ujao, ndiyo maana haikutoa mkataba wa kawaida. Kifungu cha 114 kinaruhusu mkataba wa mfumo pale kiasi kinachohitajika hakiwezi kujulikana mapema, kinataka wazabuni wasiopungua saba katika kila kundi, na muda usizidi miaka 3. Kinachotafutwa basi ni watu wanaoweza kuitwa Jumatatu kwa kazi ya laki tatu, na wiki inayofuata kwa nyingine ya laki nane upande wa pili wa kaunti, wasikwame. Mwanakandarasi aliyejenga ghorofa moja la shilingi milioni 45 anavutia, lakini aliyefanya ukarabati mdogomdogo ishirini katika maeneo ishirini amethibitisha jambo lililo karibu zaidi na kinachoulizwa. Nyinyi mna kazi za aina hiyo nyingi. Mliziona ndogo, mkazificha.

Sasa turudi kwenye barua ya kwanza, ile ya kurasa. Najua inauma kutolewa kwa namba za ukurasa. Nilipokuwa mwanakamati tuliwahi kumtoa mwanakandarasi ambaye kila mmoja wetu mezani alimjua kuwa fundi hodari, kwa kuwa vyeti vilivyochapishwa pande zote mbili vilikuwa na namba upande wa mbele tu. Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kusema. Lakini sharti lilikuwa pale, limeandikwa kuwa la lazima, na kifungu cha 74 ndicho kinachotaka tangazo la zabuni limwagize mzabuni kuweka namba kwenye kurasa. Kwa upande wangu naliona kuwa sharti lililotungwa kwa nia njema, kuzuia karatasi kuchomolewa au kuchomekwa baada ya zabuni kufunguliwa, na ambalo limekuwa mtego wa wanyonge. Maoni yangu hayatawapa zabuni. Wekeni namba kwenye kila uso wa karatasi: kitenganishi, picha, hati ya kiapo, ukurasa mtupu pia. Nunueni ile mashine ya mkono ya kupiga namba, si ghali.

Ukaguzi wa masharti ya lazima hauna alama. Ni ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kuwarudisha nyumbani. Kwa hiyo mpeni kazi hiyo mtu ambaye hakushiriki kuandika. Mimi mwenyewe, nikiwa nimeshaanza kuwashauri wanakandarasi, niliwahi kupeleka zabuni ambayo fomu yake kuu haikutiwa sahihi. Nilikuwa nimeisoma mara sita. Mwanangu wa kidato cha tatu angeliona kosa hilo kwa sekunde tano. Mtu huyo ashike orodha ya masharti mkono mmoja na zabuni mkono mwingine, na mbele ya kila sharti aandike namba ya ukurasa ambapo jibu liko. Asipopata ukurasa, hamjamaliza. Aangalie pia tarehe: leseni ya NCA ya mwaka huu na si cheti cha usajili peke yake, cheti cha kodi cha KRA ambacho hakijaisha, CR12 (hati ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) ya karibuni, dhamana ya zabuni yenye muda uleule ulioandikwa, siku kwa siku. Benki hukosea siku hizo kuliko mnavyodhani.

Halafu ile karatasi yenye namba za kurasa msiitupe. Iwekeni mbele kabisa ya zabuni. Mtathmini anayesoma kitabu cha ishirini na tatu saa kumi jioni, chai imepoa, atawapenda kwa hilo. Pale jedwali la alama linaposema “msimamizi wa saiti mwenye stashahada na uzoefu wa miaka mitano”, mwandikie: jina lake, ukurasa 88, cheti ukurasa 90, miaka inahesabiwa ukurasa 89. Kuna alama mbili mlizopoteza kwenye wafanyakazi, na nashuku ni hizo. Wasifu wa msimamizi wenu unasema “uzoefu mkubwa katika ujenzi”. Mkubwa ni miaka mingapi? Mtathmini aliyechoka hatakaa kujumlisha.

Vifaa na fedha nitapita haraka. Kama lori si lenu, mkataba wa kukodi uambatane na logibuku (hati ya umiliki wa gari) ya mwenye lori. Mkataba bila logibuku hupewa nusu au sufuri. Kwenye fedha, barua ya benki iseme kiasi cha mkopo ambacho mtapewa mkishinda. Mliyoleta inasema nyinyi ni wateja wazuri, na hiyo ni salamu tu.

Mbinu ya kutekeleza kazi, zile 8 kati ya 15, ndipo sampuli za kijana zinapoingia. Umenitumia kurasa kumi za mojawapo. Ni nzuri kweli. Pia ni za Uingereza, na hilo lina maana. Kule mikataba ya mfumo ya ujenzi hushindaniwa kwa insha hasa: maswali yenye kikomo cha maneno, majibu yanayopimwa moja moja. Tangu Januari 2021 idara za serikali kuu yao zilitakiwa kutenga angalau asilimia 10 ya alama kwa manufaa ya kijamii, mambo kama ajira za wenyeji na mafunzo kwa vijana. Mwandishi hodari huko analipia mshahara wake. Jedwali la kaunti yenu limeweka 85 kati ya 100 kwenye ushahidi na 15 kwenye maelezo. Ukichukua insha ya kule ukaibandika huku, unamjibu mtu swali ambalo hakuuliza. Kurasa mbili kati ya hizo kumi zinaeleza jinsi ya kupunguza hewa ya ukaa kwa magari ya umeme. Lori lenu ni Isuzu ya dizeli.

Mbinu inayopata alama kwenye kazi hii inaandikwa na anayeifanya. Mume wako anajua kwamba zahanati haifungwi. Basi aandike: tutaezeka upande wa wagonjwa wa nje kuanzia Ijumaa alasiri, wodi ya wajawazito itahamishiwa chumba fulani kwa makubaliano na muuguzi msimamizi, mabati mapya yatakuwa saiti kabla ya ya zamani kung’olewa ili mvua isikute jengo wazi. Aandike kwamba madarasa ya chekechea yana watoto wa miaka minne wanaookota misumari, kwa hiyo uzio unawekwa siku ya kwanza na sumaku ya kukusanyia misumari inapitishwa kila jioni. Aandike kwamba majengo ya serikali ya zamani bado yana mapaa ya asbesto, kwamba hayo hayavunjwi kwa nyundo na kutupwa bondeni, NEMA, mamlaka ya mazingira, ina taratibu zake, na nyinyi mtamtumia nani mwenye leseni ya kuyaondoa. Hicho kipengele cha asbesto peke yake kitaonyesha kwamba mmewahi kupanda juu ya paa la zahanati.

Kisha jibuni swali la mfumo: oda ikitoka leo, nani anaipokea, anafika saiti baada ya siku ngapi, vikosi vya mafundi ni vingapi, na oda tatu zikija wiki moja mtafanyaje? Zabuni yenu ya pili haikugusa hili hata kwa sentensi. Ilieleza hatua za kujenga jengo jipya kuanzia kupima kiwanja. Ilikuwa mbinu ya zabuni nyingine, mkaipeleka hapa. Mtathmini huligundua hilo haraka, hasa mkisahau kubadilisha jina la mradi kwenye ukurasa wa 41, kama mlivyosahau.

Kuhusu bei, nina wasiwasi kuliko wewe. Unasema ilikuwa chini na unaona hilo kuwa faida iliyopotea. Mimi nikiangalia viwango vyenu nasema afadhali hamkushinda. Kwenye mkataba wa mfumo hamtoi bei ya mradi, mnatoa kiwango cha kila kipimo, na kiwango hicho kinawafunga. Kifungu cha 139 kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi. Nyinyi mmechukua viwango vya kazi kubwa ya mjini. Tuseme lori la mabati linagharimu shilingi 20,000 kwenda na kurudi. Paa la mita za mraba 400 linabeba gharama hiyo kwa shilingi 50 kwa mita. Oda ya kuziba paa la mita 40 inaibeba kwa 500. Kiwango kilichoandikwa kwenye orodha ni kilekile kwa kazi zote mbili. Bohari ikiwa Voi na zahanati iko Taveta, zaidi ya kilomita 100, utafanya hesabu hiyo ukilia. Kabla ya kujaza bei ulizeni: je, oda ina kiwango cha chini? Je, kaunti imegawanywa kwa maeneo ili mtoe bei kwa kila eneo? Gharama za kuhamia saiti zinalipwa peke yake? Wakijibu hapana mara tatu, ongezeni usafiri kwenye kila kiwango, au ombeni eneo moja mnaloliweza tu.

Na hakikini hesabu zenu mpaka zichoshe. Kifungu cha 82 kinasema kiasi kilichosomwa siku ya ufunguzi ndicho cha mwisho, hakirekebishwi. Jumla ya ukurasa mmoja ikikosewa kuhamishiwa kwenye muhtasari, hakuna wa kukusaidia.

Umeuliza kuhusu rufaa. Mzabuni ana siku 14 kupeleka ombi kwa bodi ya mapitio baada ya kuarifiwa, na barua yenu ni ya miezi miwili iliyopita, kwa hiyo mlango umefungwa. Ungekuwa wazi ningewaambia msiingie. Alama zenu zilitolewa sawasawa. Rufaa ina maana pale kamati inapotumia kigezo kisichokuwa kwenye nyaraka, au barua inaposema “hamkufuzu” bila sababu, kwa kuwa kifungu cha 87 kinadai sababu zitajwe.

Kujuana? Kupo. Singekudharau kwa kusema hakupo. Nimeona nyaraka ambazo sifa zake zilishonwa kama suti, zikamtosha mtu mmoja tu. Ukikuta zabuni ya kukarabati choo cha shule inadai mtambo ambao kampuni moja tu kaunti nzima inao, okoa pesa zako. Hii yenu sikuona dalili hiyo. Vigezo ni vya kawaida na mlikosa alama saba.

Kabla hamjaomba tena, jueni pia mnachokiomba. Kuingia kwenye orodha si kupata kazi. Oda zinaweza kugawanywa, au nyinyi saba au zaidi mkaitwa kushindania tena bei kwa kila kazi, na mwaka mzima ukapita bila kuitwa. Malipo nayo unayajua mwenyewe. Madeni ya wanakandarasi wa serikali kuu yalilimbikizana hadi mwaka 2023 kukaundwa kamati ya kuyahakiki chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kaunti zina madeni yao. Kila oda ikija ulizeni kama ina fungu kwenye bajeti iliyopitishwa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Ndiyo sababu sipendi kampuni ya NCA 6 itegemee mkataba kama huu kwa zaidi ya theluthi ya kazi zake.

Swali moja hukuliuliza lakini naliona linakuja, maana mtu atakunong’oneza: kwa nini usitumie AGPO, ile asilimia 30 iliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Kwa hisa za nusu kwa nusu hamfuzu. Umiliki wa kundi lengwa lazima ufikie asilimia 70 na uongozi wote uwe wake. Mkiamua kweli kwamba kampuni ni yako na unaiongoza wewe, badilisheni hisa na mambo yote yafuate. Mkibadilisha karatasi tu huku mume wako akiendelea kutia sahihi hundi, huo ni udanganyifu, na mtu akifungiwa kushiriki zabuni hafungiwi ya AGPO peke yake.

Sasa hizo 150,000. Msimpe kijana kazi ya kuandika. Tafuteni mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyestaafu serikalini, mlipeni sehemu ndogo ya pesa hizo, mpeni zabuni iliyokamilika pamoja na jedwali la alama siku kumi kabla ya kufunga, na mwambieni awatolee alama kwa ukatili. Akiwapa chini ya 80, mna siku kumi za kutafuta karatasi zinazokosekana. Pesa zitakazobaki ni nauli ya kuzunguka kwa wateja wenu wa zamani. Anzeni na yule mwalimu mkuu wa kwenye picha. Umeniandikia kwamba anastaafu Desemba, na atakayekalia kiti chake hatakuwa na sababu ya kutia sahihi cheti cha paa ambalo hakuliona likiezekwa.